Polisi ya Athene

Kakenya alimwomba Mungu mara tatu jioni ile kabla ya kuketi darasani: nyumbani, kwenye stendi ya bodaboda ya Kitengela, na mlangoni pa ukumbi wa kanisa ambamo watu wazima husomea baada ya kazi. Jambo lenyewe lilikuwa moja. Mwalimu Ndolo alikuwa ametangaza kwamba kila mmoja atafundisha mada moja kwa dakika kumi, na atakayeshindwa anarudi kidato cha pili. Kakenya alikuwa na miaka hamsini na moja. Tena alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima akasema Novemba hii anafanya mtihani. Akirudishwa, Jumapili ataingilia wapi?

Mada yake ilikuwa miji ya Ugiriki ya kale. Aliisikiliza kwenye simu, sauti ya mwalimu iliyorekodiwa, huku akikamua ng'ombe, kisha akaandika kama alivyosikia.

"Haya, Mama Sandra," akasema Mwalimu Ndolo, kijana wa miaka thelathini ambaye chaki ilimfanya aonekane mzee. "Kiswahili ni ruhusa. Tupeleke Ugiriki."

Kakenya, ambaye darasa zima lilimwita Mama Sandra, akafungua daftari, akakohoa kidogo.

"Zamani sana, Wagiriki hawakuwa na nchi moja. Waliishi katika polisi. Kulikuwa na polisi zaidi ya elfu moja."

Caro, aliyeketi mstari wa mbele, akainua kichwa.

"Polisi kubwa ilikuwa Athene. Polisi ya Sparta ilipenda vita. Kila polisi ilikuwa na soko, hekalu na ukuta."

Ngigi, fundi wa mabomba, hakungoja kuruhusiwa. "Mama Sandra, hao watu walikuwa wanalala huko ndani? Wote? Na hakuna wa kuwatolea dhamana?"

Darasa likaangua kicheko. Hata Mwalimu Ndolo aliuma mdomo.

"Ni *polis*, Mama Sandra. Mji unaojitawala. Lakini nyinyi msicheke sana, neno polisi lilizaliwa huko huko." Akatazama saa. "Dakika sita zimebaki."

Kakenya akatazama daftari. Kila mstari ulikuwa na polisi, na pembeni alikuwa amechora kofia yenye beji. Akafumba macho. Baba, niongoze ulimi. Akalifunga daftari.

"Ngigi, mimi ni nani?"

"Wewe? Wewe ni Mmasai."

"Mmasai gani?"

Ngigi akajikuna. "Si wa hapa tu Kitengela?"

"Mimi ni Mkaputiei. Mzee wangu, Baba Sandra, ni Mmatapato wa kule Bisil. Kuna Wakisongo, kuna Wakeekonyokie, kuna Wapurko. Kila kundi linaitwa olosho, na kila olosho iko na ardhi yake na wazee wake. Lugha ni moja, Mungu ni mmoja. Lakini mfalme mmoja wa kutuamuru sisi sote hakuna. Mkisongo hawezi kumwambia Mkaputiei ni lini vijana wake watakuwa wazee. Atajaribu aone!"

Kicheko kikaja tena, lakini safari hii kilikuwa upande wake.

"Sasa Athene na Sparta ni hivyo. Lugha moja, miungu ile ile, milima katikati. Huyu na mikutano yake, yule na wafalme wake wawili. Leo wanapigana, kesho wanakutana kwenye michezo. Mwajemi akija na jeshi, wengi wanaungana. Akiondoka, wanaanza tena kugombana."

"Lakini olosho haina ukuta," Ngigi akang'ang'ana. "Wala soko la mawe."

"Haina. Hii ni ya watu wa ng'ombe, ile ni ya watu wa mji. Nimesema zinafanana, sikusema ni mapacha."

"Na wanawake?" Caro akauliza. "Kwenye hiyo mikutano ya Athene walipiga kura?"

"Hata kidogo. Wala watumwa. Wanaume raia peke yao ndio walioamua."

"Hapo sasa ni mapacha kabisa!" Caro akasema.

Wanaume wakaguna, wanawake wakapigiana makofi. Mwalimu Ndolo akangoja ukumbi utulie. Kisha akavuta fomu ya watahiniwa wa Novemba kutoka kwenye bahasha, akailaza mezani, akafungua kalamu.

"Mama Sandra, jina kamili. Kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Kakenya akalitaja herufi kwa herufi, polepole, kana kwamba Mwalimu hasikii vizuri. Alipofika mwisho akamwomba amsomee tena.