Usaili wa Kuanguka

Usiku wa jana nilijikuta juu ya mkarafuu, nikisubiri kufanyiwa usaili wa kazi ya kuanguka.

Sikushangaa. Tangu nimalize chuo nimeitwa kwenye saili tatu, na hii ndiyo ya kwanza iliyofanyika karibu na kwetu. Mti wenyewe niliujua. Ni ule mkongwe ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Pemba, ambao baba anauita Bi Mrefu. Tofauti ni kwamba kwenye ndoto ulikuwa na ghorofa, na kila ghorofa ilikuwa na benchi.

Lakini kwanza niseme tulilala vipi. Jioni tulikuwa barazani watu watatu, mama, baba na mimi, tunachambua karafuu, yaani tunazitenga na vikonyo vyake kabla ya kuzianika. Baba akatangaza kwamba asubuhi atampanda Bi Mrefu. Ana miaka sitini na tatu, goti lake moja halikunjiki vizuri, na hataki kufunga kamba kiunoni.

"Kamba ni ya mbuzi," alisema.

"Baba, ukianguka je?"

"Nishaanguka mara mbili."

"Ndiyo maana goti halikunjiki."

"Goti ni uzee." Kwenye kola yake alikuwa akitembea majimoto mmoja, wale sisimizi wekundu wakali wanaoishi mikarafuuni. Baba akamchukua kwa vidole viwili, akasimama, akamwinua juu ya kichwa chake, akamwachia. Yule sisimizi akafika sakafuni, akajipangusa, akaenda zake. "Umeona? Mti hauwaumizi watu wake. Hawa wameniuma miaka arobaini, Zuwena. Damu yangu wanayo wao, sumu yao ninayo mimi. Mimi nishakuwa wao."

"Basi hamia mtini," alisema mama. "Chakula utakula majani."

Nilijaribu kumweleza kwa fizikia, maana ndiyo niliyosomea kuifundisha. Baba alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama nimemaliza.

Nikaenda kulala. Juu ya kitanda changu kuna msumari, na kwenye msumari nimetundika kishada cheusi cha nyuzi, kile kinachoning'inia kwenye kofia ya mahafali. Joho na kofia nilivirudisha chuoni. Kishada sikuulizwa.

Basi, niko kwenye benchi. Nimevaa joho na kofia yenye kile kishada. Kushoto kwangu ameketi majimoto, ana bahasha ya kaki. Kulia yupo panya. Mwisho wa benchi yupo mbuzi, anatafuna fomu yake ya maombi.

"Una uzoefu?" majimoto ananiuliza.

"Kidogo. Niliwahi kuanguka kitandani."

"Mimi leo tu nimeanguka mara nne. Moja ilikuwa makusudi, nilikuwa nimechelewa."

Mlango unafunguka kwenye majani. Ndani kuna meza, na nyuma ya meza hakuna mtu. Huyo asiyekuwepo ndiye Hewa, mwenyekiti wa usaili.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba," sauti inajibu kutoka kila upande. "Kaa. Hapana, usikae hapo, unanikalia."

Nasimama. Juu ya meza kuna mizani ya kupimia karafuu. Mizani inakohoa, inasema, "Tuanze, mimi nina kazi nyingine mchana."

"Kazi yangu ni moja," anasema Hewa. "Kila anayeanguka, namshika. Sina ubaguzi."

"Mbona watu wanavunjika?"

"Kwa sababu nashika ngozi tu, binti. Nyama na mifupa iko ndani, siifikii. Ardhi yeye anavuta kila kitu, mpaka maini. Mimi nashika kwa nje, yeye anavuta kwa ndani. Mwenye ngozi nyingi na nyama kidogo, huyo ni wangu. Mwenye nyama nyingi na ngozi kidogo, huyo ni wake."

Waombaji wanaitwa mmoja mmoja. Majimoto anapanda kwenye mizani.

"Ngozi ipo," inasema mizani. "Uzito sijauona. Labda alikuja bila uzito."

"Umepita," anasema Hewa, na tundu linafunguka sakafuni. Majimoto anaingia tunduni na bahasha yake.

Panya anapanda. "Ngozi ipo, uzito upo kidogo." Hewa anafikiri. "Umepita. Utashtuka, lakini Jumanne utakuwa umesahau."

Mbuzi anapanda. Mizani inalia. Hewa anaomba fomu yake, na mbuzi anakiri kwamba ameila. "Rudi nyumbani kwa ngazi," anasema Hewa, na sijawahi kumwona mbuzi akishukuru vile.

Zamu yangu. "Zuwena Shaame. Kilo hamsini na tano," inasoma mizani. "Haifai."

"Nifanye nini nifae?"

"Upungue," anasema Hewa. "Ngazi hizo hapo."

Nashuka ngazi. Kila kidato ninachokanyaga, urefu wangu unabaki nusu. Kidato cha kwanza tu, ngozi yangu imebaki robo, na uzito wangu umebaki sehemu moja ya nane. Ngozi inapungua, lakini uzito unapungua haraka zaidi. Natamani ningekuwa na ubao na chaki, ni somo zuri kabisa. Kidato cha pili, cha tatu. Joho linapungua pamoja nami, na kofia pia. Kishada kinakataa.

"Mimi nimepatikana kwa jasho," kinasema. "Sipungui."

Kidato cha nane nimekuwa sawa na majimoto, naburuta kishada nyuma yangu kama mzigo wa makuti. Mbele yangu kuna tundu. Najirusha.

Mwanzo naongeza mwendo, kisha siongezi tena. Hewa amenishika, ardhi inanivuta, wamelingana nguvu. Mimi niko katikati, nateremka kwa mwendo uleule, kama mtu aliyetumwa dukani bila haraka. Nina muda wa kutazama kila tawi. Nina muda wa kuchoka kutazama.

Yule majimoto ananikuta njiani. Ameshafika chini, amepanda tena, sasa anashuka mara ya pili.

"Tukifika chini tutagonga?" namuuliza.

"Tutafika. Kugonga ni mambo ya watu wakubwa."

Tunafika. Tumetua kwenye jamvi la kuanikia karafuu, na kila karafuu ni kubwa kama gogo. Mama ameketi upande wa pili, ni mlima wenye kanga.

"Zuwena, umekonda," anasema mama. "Chuo hicho."

Nataka kumsogelea, lakini mbele yangu kuna tone la umande. Majimoto ananivuta joho. "Usiliguse! Likikushika halikuachii. Sisi hatuogopi kuanguka, dada. Tunaogopa umande."

Hapo ndipo naisikia mizani ikiita kutoka juu: "Shaame Makame! Kilo sitini na nane!"

Jamvi linakuwa sakafu ya usaili. Niko juu ya meza, bado mdogo, nimesimama kando ya mizani. Baba ameingia. Amevaa kofia yake ya viua, iliyodariziwa kwa mkono, na ameshika pakacha lake la kuchumia. Hana kamba.

"Haifai," anasema Hewa. "Mzee, rudi."

"Sikuja kuomba," anasema baba. "Mimi ni mtu wa mti huu. Waulize wenyewe."

Majimoto wanaitwa. Wanajaa ukutani, wanajaa darini, elfu kwa maelfu. Hewa anawauliza, "Mnamjua huyu?"

"Tunamjua," wanajibu kwa pamoja. "Ladha yake ni ya chumvi."

"Ni wenu?"

Wananong'onezana. Kisha yule wa bahasha anatoka mbele. "Ni wetu. Hilo hatukatai. Lakini ana nyama nyingi."

Baba anavunjika moyo. Ninamwona. Miaka arobaini, na jibu ndilo hilo.

"Mshike zaidi!" namwambia Hewa. "Huyu unayo sababu ya kumshika. Ni baba yangu."

"Kila mmoja ni baba wa mtu," anasema Hewa, bila ubaya. "Niletee ngozi, nitamshika."

"Kiasi gani?"

Mizani inapiga hesabu. "Majamvi yote ya kijiji. Yashonwe liwe moja, afungwe nalo mgongoni."

Nawageukia majimoto, maana ni mafundi wa kushona. Nyumba zao ni majani mabichi waliyoyashona kwa uzi mweupe unaotoka vinywani mwa watoto wao. Wanaanza kazi mara moja. Wanavuta majamvi, wanawapitisha watoto huku na huku, lakini jamvi ni gumu na watoto wanalala njiani. Baba ameshalisogelea tundu. Anachungulia.

"Nishaanguka mara mbili," anaiambia mizani.

"Kwani kesho atasimama wapi?" ananiuliza yule wa bahasha, mdomo umejaa uzi.

"Tawi la tatu kutoka chini, upande wa kibla. Kila mwaka husimama hapo akavuta mengine kwa upembo, ile fimbo yake ndefu yenye ndoano."

Kushona kunasimama. Elfu kwa maelfu wananitazama.

"Lile tulihama Ijumaa," anasema. "Limeoza ndani. Majani yake yamekauka, hayashoneki."

"Mbona hamkumwambia?"

Anautoa uzi mdomoni. Naona kwamba hana hila, anatafuta kweli. "Kwetu tawi likivunjika ni safari tu. Tunashuka, tunapanda tena. Hatukujua kwamba ni habari."

Kwa ukubwa niliokuwa nao wakati ule, hata mimi niliona ana haki.

"Nitamwambia mwenyewe," nasema. "Lakini hataniamini. Huwa haniamini."

"Basi tupe kitu cha alama." Anachomoa uzi mmoja kwenye kishada changu. Kishada kinasema aah, lakini kinanyamaza. "Tutaushona kwenye nyumba yetu ya zamani, pale pale tawini."

Nageuka kumwita baba. Baba ameweka pakacha chini, vizuri, kama mtu anayevua viatu msikitini.

"Nimechoka kusubiri," anasema, na anaingia tunduni.

"Nimemshika," inasema sauti ya Hewa kutoka chini. "Nimemshika. Nimemshika. Ananiponyoka."

Niliamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na mama alikuwa anafagia uwanja. Nilimuuliza baba yuko wapi.

"Kwa mke mwenzangu, Bi Mrefu," alisema mama, akionyesha kwa ufagio nyuma ya nyumba.

Nilikimbia bila viatu. Baba alikuwa ameshapanda, amesimama tawi la pili, pakacha begani, upembo mkononi. Mkono wa pili alikuwa anaunyoosha kulishika tawi la tatu, lile la upande wa kibla.

"Baba! Usilishike hilo!"

"Zuwena, fizikia tulimaliza jana."

Nilifungua mdomo nimwambie uzito, ngozi, nusu na robo. Nikaufunga. Kisha nikasema, "Majimoto wamehama."

Mkono wake ulisimama.

"Nani kakwambia?"

"Tazama mwenyewe. Umewahi kulikaribia tawi hilo usiumwe?"

Alitazama mkono wake, mbele na nyuma. Akalitazama tawi, kutoka shinani mpaka kwenye majani yake, yaliyokuwa yameanza kujikunja. Hakukuwa na hata mmoja. Akalikumbatia shina kwa mkono mmoja, akapeleka upembo kwenye tawi, akavuta. Si kwa nguvu sana. Tawi likatoa sauti kama ya mlango, likang'oka, likapita kando yake na kuja chini kwa kishindo kilichomfanya mama aite kutoka uwanjani. Ndani lilikuwa jeusi, unga mtupu.

Baba alilitazama kutoka kule juu. Mama alifika, akaliona tawi, akashika kiuno.

"Wamehama," alisema baba mwishowe, "wala hawakuniaga."

"Hawakujua kama ni habari, baba."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza kitu akaona kisiulizwe. Kisha akasema, "Ilete hiyo kamba. Na ukinifunga usikaze. Mimi si mbuzi."

Nilipanda nikamfunga, mizunguko miwili kiunoni na mmoja kwenye shina, fundo nililolijaribu mara tatu. Aliinua mikono nipate nafasi. Kwenye bega lake alikuwepo majimoto mmoja. Nilipomgusa alianguka, nikamfuata kwa macho mpaka chini. Alifika, akajipangusa, akaenda zake.

Niliposhuka nililiburuta lile tawi pembeni lisimkwaze mama. Kwenye ncha yake kulikuwa na nyumba yao ya zamani, majani matano yaliyokunjwa na kushonwa pamoja, yamekauka. Niliipasua taratibu. Ndani ilikuwa tupu, imefagiliwa. Uzi wao wote ulikuwa mweupe, mwembamba kama wa buibui, isipokuwa kwenye pindo la jani la mwisho. Pale palikuwa na mshono mmoja mweusi, mnene kuliko yote, uliopindapinda kama kazi ya fundi anayejifunza kutumia uzi wa wageni.