Jiko la Mfano

Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia Chachu achague moja, moshi au mapafu. Lakini Chachu alikuwa mwokaji mikate, na mtu anayeoka kwa tanuri la kuni hachagui moshi, anaukuta tu humo ndani ukimsubiri. Mtaa ulimpa jina la Chachu kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuumuka akiudhiwa. Siku hizi hata kuumuka kulimshinda. Akianza kugomba, kifua kinamkatiza, na anayegombwa inambidi asubiri kikohozi kiishe.

Kwa hiyo mkewe, Mama Mikate, alizoeana na mabenchi ya halmashauri mpaka walinzi wakawa wanamuuliza habari za nyumbani. Alitaka jiko la umeme la kuokea, lisilo na moshi, basi. Halmashauri na chemba ya wafanyabiashara walikuwa na mradi wa kuwainua wenye biashara ndogo, na matangazo yake yalibandikwa kila ukuta, hata wa choo cha sokoni. Siku Bwana Maendeleo wa kata alipofika mwenyewe mahali pao pa kazi, chumba kimoja chenye meza ya kukandia na tanuri la matofali, Mama Mikate alikimbia kumfutia kigoda kwa upindo wa kanga.

"Mmechaguliwa kuwa mfano," alisema Bwana Maendeleo. Alikuwa mtu nadhifu, na sakafu yao aliikanyaga kwa ncha za viatu. "Mfano kwa kata nzima."

"Sisi?" Chachu aliuliza.

"Nyinyi, mzee wangu. Ila hili tanuri mlivunje. Chumba hakitoshi vyote viwili, na mgeni rasmi hawezi kukata utepe kwenye masizi."

Chachu alisita. Tanuri lile alilijenga yeye na marehemu baba yake. Mkewe ndiye aliyemsukuma. "Unalionea huruma tanuri ambalo halikuonei huruma wewe?" alimwambia. Wakalivunja, wakapaka kuta chokaa, na chumba kikawa cheupe kama cha zahanati.

Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo kazi ya wageni rasmi. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, na jiko likashushwa kwenye lori huku limefungwa utepe kiunoni kama bibi harusi. Mwenyekiti wa chemba, mtu wa tumbo na utani, alishika kipaza sauti. "Bwana huyu jiko alishapata zamani, tunaliona limekaa hapa mbele," alisema akimwonyesha Mama Mikate. "Leo anapata jiko la pili, na la kwanza limeridhia bila ugomvi."

Watu wakaangua kicheko. Hata Chachu alicheka, mpaka kifua kikambana, na wapiga picha wakasubiri kwa adabu amalize kukohoa. Kisha Mama Mikate akavishwa vilemba vya ukoka mpaka shingo ikamwuma: jasiri, shujaa, nguzo ya uchumi. Yeye macho yote yalikuwa kwenye jiko. Alikuwa ameshaanza kupanga trei zake kichwani.

Picha zilipokwisha, wageni waliingia kwenye magari yao. Vibarua wakalizunguka jiko, wakalinyanyua, wakalirudisha kwenye lori.

"Mbona mnalipakia tena?" Mama Mikate aliuliza. Alidhani wanatafuta njia ya kulipitisha mlangoni.

Bwana Maendeleo alimvuta pembeni. "Mama, haya yalikuwa makabidhiano ya mfano. Hili linakwenda kata nyingine. Lenu lipo njiani."

"Si ulisema mfano ni sisi?"

"Nyinyi ni mfano, na jiko nalo ni la mfano." Alisema bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililomkata maini Mama Mikate. Wapo watu wanaokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha wakaamini kwa moyo wao wote kwamba umeng'aa.

Jiko halikuja. Wateja nao wakahamia kwenye mikate ya dukani ya mifuko ya nailoni. Mwishowe Chachu aliokota matofali yaliyosalimika, akayachanganya na vipande, akajenga tanuri jingine, bovu kuliko la kwanza. Lilivuja moshi kila upande. Mama Mikate alitaka kusimama yeye mbele ya moto, Chachu akakataa katakata. Akande, aunde, auze, lakini mdomo wa tanuri hakumwachia. "Mmoja akiharibika inatosha," alisema. Mama Mikate alijichukia, kwa maana neno la mwisho la kulivunja lile la kwanza lilitoka kinywani mwake.

Bwana Maendeleo akarudi. Safari hii alisimama nje, moshi ulikuwa mwingi. Alisema kulikuwa na makabidhiano kata ya jirani, na wanaotoa ushuhuda wangefikiriwa kwanza.

"Nishuhudie nini, na jiko sijaliona tena?"

"Sema litakavyokusaidia. Ila lisemee kana kwamba limeshakusaidia, watu wapate moyo."

"Huo si uongo, baba?"

"Ni ukweli ambao haujafika, mama."

Mama Mikate alikwenda, na gauni la kuazima. Jiko lilikuwa lile lile, utepe tu ndio mpya. Alikusudia kusema mawili matatu ashuke, lakini alipoanza, maneno yakaja yenyewe. Alisema mumewe sasa anapiga mluzi akikanda. Alisema halali tena ameketi na mgongo ukutani, analala chali kama watu wengine, anakoroma. Alisema ameanza tena kugomba, tena anagomba mpaka mwisho, na yeye siku nyingine anatamani anyamaze. Watu walicheka. Hapo machozi yakamtoka, wakampigia makofi wakidhani ni furaha.

Aliporudi alimkuta Chachu mbele ya moto, na redio juu ya gunia la unga.

"Nimekusikia," Chachu alisema. "Majirani wote wamekusikia. Wamekuja kunipa pongezi."

Mama Mikate alibaki mlangoni. Alimsubiri aumuke, na angeshukuru. "Nisamehe," alisema. "Nilitaka watuweke mbele."

"Umesema vizuri." Chachu aliingoja pumzi irudi. "Nimemwonea wivu huyo mume wako wa redioni. Hasa pale anapolala."

Kisha akageukia tanuri, maana mikate ilikuwa imeanza kuungua.