Noti ya Saba

Saa nne asubuhi watu arobaini waliingia kwenye ukumbi mdogo wa kampuni ya filamu. Walitazama filamu ya saa mbili kuhusu fundi wa lifti, mwanamke, aliyekuwa na uwezo wa kudaka chochote kinachoanguka, kisha wakatoka. Shujaa huyo aliitwa Mdaka. Mwongozaji wa filamu, mwanamume mwembamba mwenye kalamu sikioni, alisimama mlangoni na kumwuliza kila mmoja swali moja.

"Unaweza kuniimbia muziki wa Mdaka? Hata kidogo tu."

Thelathini na tisa walitabasamu kwa adabu. Wa arobaini, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa, aliimba bila kusita. Aliimba tangazo la sabuni ya unga.

Mtunzi wa muziki alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa na alisikia yote. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, na kazi ile ilikuwa imemla miezi mitano: fidla ishirini na nne, ngoma kubwa sita, kwaya ya watu hamsini. Mwongozaji hakumgombeza.

"Muziki wako ni mzuri," alisema. "Lakini ni kama kabati. Mtu atalisifu, ila hatatoka nalo mlangoni. Nitafutie kitu cha kutia mfukoni."

Akampa wiki tatu.

Mtunzi aliishi na mjomba wake, ndugu wa marehemu mama yake. Mzee huyo alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ya magereza kwa miaka thelathini na moja, akastaafu siku meno yake ya mbele yalipong'oka. Sasa alivaa meno ya bandia na tarumbeta ililala juu ya kabati la vyombo. Alikuwa mwingi wa maneno, mchache wa sifa.

Siku kumi za kwanza mtunzi alifanya kazi ya kupunguza tu. Alitoa kwaya. Alitoa ngoma nne, kisha zote. Alikata wimbo kama mtu anayepogoa mti, mpaka zikabaki noti saba. Ya kwanza ilikuwa chini. Ya pili iliruka juu sana, kama mtu aliyeshtuka. Zilizofuata ziliteremka ngazi kwa ngazi, kama kitu kinachoanguka kutoka ghorofani, na ya saba ikatua pale sikio linapotaka itue.

Kwenye kinanda zilisikika sawa, lakini alitaka kuzisikia kwa shaba, yaani kwa tarumbeta.

"Mjomba, nipigie hizi."

"Kwa mdomo upi?" Mzee alikuwa anaosha vikombe. "Huu wa dukani?"

Hata hivyo alikausha mikono, akaishusha tarumbeta, akailowesha midomo. Mtunzi aliiweka simu mezani irekodi. Noti sita zilitoka, nene na zenye kutu kidogo. Kabla ya ya saba meno ya bandia yaliteleza, pumzi ikatorokea pembeni, na jikoni kukawa kimya.

Mtunzi aligundua kwamba ameinama mbele, mkono mmoja hewani, kama mtu anayetaka kuzuia glasi isianguke mezani.

Mzee alijaribu tena mara mbili. Kila mara ilikuwa vile vile. Akaweka tarumbeta chini, akarudi kwenye vikombe vyake.

Mchana huo mtunzi alimtumia mwongozaji rekodi ile bila kumwuliza mjomba. Jibu lilikuja baada ya dakika sita: *Ndiyo yenyewe. Usiguse kitu.*

Alipomweleza mjomba, mzee alimgeukia.

"Mpwa wangu, umenianika," alisema. "Kama nguo ya ndani, barabarani. Watu wamenijua kwa noti nilizopiga. Leo unataka wanijue kwa ile iliyonishinda?"

Tangu hapo hakusema naye kwa siku nne. Alizungumza na jokofu. "Mwambie mwanamuziki chai iko tayari," aliliambia, na jokofu likanguruma.

Mtunzi hakubishana. Alitafuta mpiga tarumbeta mwingine, kijana hodari mwenye meno yote, akamwandikia noti sita na alama ya kunyamaza. Kijana alipiga mara moja, safi kama sahani iliyooshwa. Mwongozaji alisikiliza mara tatu.

"Noti ni zile zile," alisema. "Sasa nini kimekufa?"

Mtunzi alirudi nyumbani na rekodi hiyo, akaicheza mezani, akairudia. Mzee alikuwa nyuma ya gazeti. Mara ya tano gazeti lilishuka.

"Huyo amefika kituoni akashuka," alisema, safari hii si kwa jokofu. "Anajua mwisho uko pale. Mimi sikusimama, nilikuwa naifuata ya saba. Roho yangu yote ilikuwa kule mbele. Ndiyo maana na wewe uliinama. Ulidhani sikukuona?"

Mtunzi alizima simu.

"Mjomba, nilikosea kuituma bila kukuuliza. Nisamehe."

"Ulikosea." Mzee alikunja gazeti, akalikunja tena. "Nitakuja kupiga. Lakini kwa sharti. Nitaifuata noti ya saba kwa haki, kila mara. Nikiipata, itabaki. Hamtaikata."

"Haitakatwa," alisema mtunzi. Alijua anachoweka rehani.

Studio ilikuwa chumba kisicho na madirisha, chenye zulia hadi ukutani. Mzee alivaa koti. Fundi wa sauti alimwita "mzee wangu" na kumsogezea kiti, naye mzee akakikataa. Alipiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara noti ya saba ilimponyoka. Mara ya nne ilimponyoka vibaya zaidi: ilianza, ikatoa pumzi tu, kama mlango ulioachwa wazi. Aliendelea. Jasho lilimtiririka shingoni.

Mara ya tisa aliipata.

Ilitoka nzima, pana, bila kutetemeka, akaishikilia mpaka fundi akainuka kitini. Kutoka chumba cha mitambo, mwongozaji alimtazama mtunzi kupitia kioo. Mtunzi akatikisa kichwa: haikatwi, ahadi ni ahadi.

Mzee aliingia chumba cha mitambo, akafuta uso kwa leso, akaomba asikilizishwe zote mbili, ya nne na ya tisa, pamoja na picha. Kwenye skrini kizimba cha lifti kiliporomoka na Mdaka akanyoosha mikono. Waliweka ya tisa. Muziki ukatua, na ikawa kama kila mtu ameshaokolewa kabla ya Mdaka kufika. Waliweka ya nne. Fundi, aliyekwisha kuiona picha hiyo mara mia, alikamata ukingo wa meza.

Mzee alivuta pumzi.

"Ya tisa ni yangu," alisema. "Nitengenezeeni nakala, niweke kwenye simu. Ya nne ni ya filamu."

"Una hakika, mjomba?"

"Nisingekuwa na hakika, ningekuwa nimeshavua hili koti niendelee."

Filamu ilitoka miezi mitatu baadaye. Mtunzi na mjomba walikwenda onyesho la saa nane mchana, wakakaa katikati. Lilipokwisha watu walijaa kwenye ngazi, na wimbo ukashuka nao: mluzi hapa, mguno pale. Kila mmoja aliongeza noti ya saba yake mwenyewe, na karibu wote waliikosea.

Mzee alivumilia ngazi kumi hivi. Kisha akamgusa bega mwanamke wa mbele yake, mtu asiyemjua kabisa.

"Samahani, mama, umeipandisha mno," alisema. "Ishushe kidogo. Hivi."

Akamwimbia.