Upepeo wa Malkia

Niseme mapema nisimpotezee mtu muda: nina wivu na mdogo wangu Mitsue. Mimi nina miaka sitini na moja, yeye hamsini na saba, na wivu wangu nao una hamsini na saba.

Nyumba yake ndiyo inayoniua. Ukivua viatu mlangoni pake unaona sakafu, sakafu tupu mpaka ukutani! Kwangu, tangu mume wangu afariki, palibaki kijia tu katikati ya maboksi. Na maboksi yenyewe si ya kwangu. Wazazi walipoiacha nyumba ya zamani, kila kitu kilishushwa kwa mtoto wa kwanza: vyombo vya bibi, nguo za kimono za shangazi, cherehani isiyoshona. Mitsue hakupewa hata kijiko. Halafu Mama alikuwa akitoka kumtembelea ananiambia, "Kwa Mitsue bwana, mtu anapumua."

Mwezi wa pili Mama aliteleza kwenye theluji akavunjika nyonga. Hospitali ikasema asirudi tena kukaa peke yake.

"Nitakaa kwa yule mwenye mahali pa kutandika godoro," Mama akasema kitandani, macho kwa Mitsue.

"Mkubwa ni mimi," nikadakia. "Chumba cha nyuma kitakuwa tayari Jumamosi."

Mitsue akakohoa. "Chumba gani, dada? Kile ambacho mlango haufunguki?"

Niliufungua kwa bega. Siku tatu nilitoa vitu, na nyumba ikazidi kujaa, maana vilivyokuwa chumbani sasa vilikuwa jikoni, bafuni na juu ya kitanda changu. Asubuhi nilipeleka mifuko mahali pa taka. Mtaani kwetu mifuko ya taka lazima ionyeshe kilicho ndani, na Bi Kuwabara wa jirani hajawahi kuupita mfuko bila kuusoma.

"Ee, Bi Fusae! Kumbe bado ulikuwa na mapazia haya?"

Nikarudi ndani, nikakaa juu ya boksi, nikalia. Siku ya nne nikameza kiburi nikampigia Mitsue.

Alikuja na aproni na kamba, kajifunga kitambaa kichwani.

"Anza na kona moja, dada. Usiangalie chumba kizima, utazimia. Shika kimoja. Hiki unakitumia?"

"Siku moja nitaki—"

"Hutumii. Weka kule."

"Usinikimbize wewe!"

"Si mimi. Ni Jumamosi inayokukimbiza."

Nilimchukia kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa myepesi. Nilimchukia zaidi nilipoanza kuiona mikeka ya sakafu.

Chini kabisa ya kabati tulikuta kasha la wanasesere. Babu aliwanunua nilipozaliwa, kama anavyonunuliwa binti wa kwanza: mfalme, malkia, watumishi na wapiga ngoma, wote wa kupangwa kwenye ngazi saba kila tarehe tatu ya mwezi wa tatu, sikukuu ya wasichana. Ilikuwa imepita miaka ishirini sijawapanga. Ngazi saba zinakula nusu ya chumba, na mimi nusu chumba ningeitoa wapi?

Mitsue alimfunua malkia kwenye karatasi, akamfuta uso kwa kidole gumba. "Bado hana upepeo," akasema. Upepeo ule ulipotea nikiwa na miaka tisa, na kila mmoja alimsingizia mwenzake.

Wanasesere hawatupwi kwenye mfuko, wana macho. Hupelekwa hekaluni, wakaombewa, ndipo wakachomwa.

"Nitawapeleka mimi," Mitsue akasema bila kuniangalia. "Wewe malizia chumba."

Sikusikia uchungu wowote. Niliona kasha moja limepungua na Mama amekuwa wangu. Nilimsaidia kulibeba mpaka kwenye gari, nikamwinamia mara mbili kwa shukrani.

Kesho yake, nikifuta mfereji unamotelezea mlango wa kabati, kikatoka kitu kidogo kama ukucha, chenye rangi ya dhahabu. Upepeo! Nikautia mkobani nimpe Mitsue, malkia asichomwe mikono mitupu.

Jumamosi Mama akaja. Alisimama mlangoni na mkongojo wake, akazungusha macho. Neno lile nilikuwa nimelingoja maisha yangu yote.

"Pazuri," akasema. "Kama kwa Mitsue."

Akaketi, akapokea chai. "Na wanasesere wako wapi? Jumatatu ndiyo siku yao. Hospitali muda wote nilikuwa nawawaza wao tu."

Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliinywa chai yake, akalala akautazama ukuta.

Jumatatu Mitsue alitualika kwa wali wa siki na supu ya kombe za baharini. Akausukuma mlango wa sebule, na hapo nikaziona ngazi saba, kitambaa chekundu mpaka karibu na dari, na wote kumi na watano wamekaa mahali pao. Katika chumba kile kitupu waliingia na nafasi ikabaki.

"Hili ndilo hekalu?" nikauliza.

"Nilifika mpaka getini, dada. Nikashindwa. Mimi sikuwahi kuwa na wangu."

"Si ungesema?"

"Ungenipa?"

Jibu tulikuwa nalo wote wawili.

Mama alikuwa amekwishakaa mbele yao, anacheka huku machozi yanamtoka, anamwita kila mmoja kama mtu wa nyumbani. "Leo nalala hapa," akasema. "Nguo zangu Fusae ataleta kesho." Kisha akamsogelea malkia. "Masikini, upepeo wake. Fusae, wewe si mtu wa kutupa kitu. Hukuuona ulipokuwa unasafisha?"

Mitsue naye akageuka kunitazama, mdomo wazi, kama mtoto anayengoja kugawiwa. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu.

"Niliuona," nikasema. "Nikautupa. Si mlitaka nijifunze kutupa?"

Nikaubana mkoba kwa mikono miwili, nikaomba niongezewe supu.