Mshale wa Juu

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi kivinjari cha intaneti kilikataa kufunguka kwenye kompyuta, na usaili ulikuwa saa nne kamili. Binti, aliyekwisha kupiga pasi blauzi yake mara mbili, alibofya tena na tena. Dirisha lilichungulia kama mtu aliyekosea nyumba, kisha likatoweka.

"Mama!"

Mama yake alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alikuwa karani wa shule ya msingi, na huu ulikuwa mwezi wake wa tatu wa ujane. Kompyuta ile ya mezani ilikuwa ya mumewe, fundi wa mashine za ofisi, ambaye hakutaka kuona nyumbani kwake mfumo mwingine zaidi ya Linux. Simu zao mbili zilikuwa za kuombea dua: moja kamera ilishakufa, nyingine kioo kimepasuka mpaka huoni unayeongea naye. Na chuo cha uuguzi kilikwisha kuandika: usaili ni kwa video, kwa kompyuta, na anayechelewa nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

"Si juzi kilikuwa kinafunguka?"

"Juzi sikuwa na usaili, mama."

Kwenye kochi, hapo hapo sebuleni, alikuwa shemeji wa mama, mdogo wa marehemu. Watu walimwita Mkato, kwa sababu hapakuwa na shughuli aliyowahi kuimaliza kwa njia yake ndefu. Alinyanyuka akijinyoosha.

"Sogeeni, wanawake. Mashine inamjua bwana wake."

"Inakujua wewe? Hata rimoti ya televisheni inakushinda, baba mdogo," binti alisema.

Mkato alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akakiita kivinjari kwa jina ili kiseme kinachokisumbua. Malalamiko yakamwagika. Mjane aliyasoma polepole, kwa Kiingereza chake cha sekondari. Faili la sandboksi limeonekana, lakini halijawekwa sawasawa. Badala ya kufanya kazi bila ulinzi, kivinjari kinajizima. Faili hilo ni lazima liwe mali ya mkuu wa mashine, yaani ile akaunti yenye mamlaka yote.

Mkuu wa mashine hakuwa tena mwenye faili hilo. Mwenye faili alikuwa yeye.

Tangu matanga yaanuliwe ndugu walikuwa wakimwambia, weka kila kitu kwa jina lako kabla watu hawajaanza kuota ndoto zao za urithi. Alibadilisha mita ya maji, akabadilisha mkataba wa nyumba. Jana mchana ikafika zamu ya kompyuta. Alijifungulia akaunti, kisha, akiwa bado kwenye ya mumewe, kwa amri moja tu akaiandika folda yote ya programu za marehemu kwa jina lake, mpaka faili la mwisho.

"Shemeji, amri ile si wewe uliyenisomea?"

"Mimi nilisoma. Aliyeandika ni nani?" Mkato alicheka peke yake, akaacha. "Haina shida. Tunaongeza neno moja mwishoni, kifunguke bila sandboksi. Kwisha kazi."

"Bila sandboksi?"

"Nani ataona?"

Marehemu aliwahi kuwaeleza mezani, kijiko kikiwa hewani. Kila ukurasa wa mtandao ni mgeni, alisema. Sandboksi ni sebule. Mgeni umkaribishe, umpe kiti, lakini milango ya vyumbani ifungwe. Halafu akamgeukia mdogo wake: "Na wewe, mkato wa leo ndio barabara yako ya kesho." Watu walicheka hadi chai ikamwagika.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na ripoti za wanafunzi mia nne ambazo mjane alikuwa akiichapia shule yake.

"Hapana," mjane alisema. "Kaka yako aligomewa hivi hivi mwaka huu, akanung'unika siku nzima. Dawa aliipata. Na mashine haisahau."

Saa tatu na dakika thelathini na tano.

Akaunti yake mpya haikuwa na mamlaka ya kurekebisha kitu, hivyo alitoka, akaingia kwenye ya mumewe. Neno la siri lilikuwa jina la utani alilompa binti yao tangu akiwa na miaka mitatu: Daktari. Akafungua dirisha jeusi. Mumewe alimfundisha jambo moja la kukumbuka: bonyeza mshale wa juu, na amri uliyoandika nyuma itarudi, endelea kubonyeza, utarudi hadi mwaka jana. Tena alikuwa na tabia ya kujiandikia vikumbusho humo humo. Alianza mstari kwa alama ya reli, na mashine ikauruka bila kuutekeleza. *# nunua waya. # mteja wa ghorofani ni mbishi.*

Alibonyeza. Ikaja amri yake mwenyewe ya jana. Alibonyeza tena. Amri ya kusasisha mfumo. Tena.

*# kifua tena. dakika kumi. nimekaa chini, kimeachia*

Kidole kilibaki juu ya kitufe.

Alidhani hajasoma vizuri. Alisoma herufi moja moja, kama anavyosoma majina ya watoto kwenye rejista. Kisha alibonyeza, kwa kuwa ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

*# ngazi za benki zimenishinda. nimesema ni viatu*

Alikumbuka viatu hivyo. Alimwambia anunue vingine.

*# ni moyo. daktari anataka nilazwe. nimemwomba wiki mbili. mama binti asijue mpaka mtihani wa mtoto upite*

Kitambaa cha vyombo kilianguka na hakukiokota. Mtihani ulikwisha Ijumaa. Mumewe alianguka Jumatano ya wiki ile ile, mlangoni mwa bafu, mswaki mkononi. Na msibani, mbele ya watu, mama mkwe alimuuliza: "Ulilala naye kitanda kimoja, hukusikia anavyohema?" Swali hilo alikuwa amelala nalo miezi mitatu, upande ule ule wa kitanda.

Mkato alikuwa nyuma ya kiti chake, naye amesoma.

"Shemeji," alisema. "Na mimi nilisema ni uzembe wako. Msibani, kule nje kwa wanaume. Nilisema."

"Ngoja kwanza."

"Mama, bado?" binti aliita kutoka chumbani, alikokwenda kuchana nywele.

"Bado kidogo, mwanangu."

Alibonyeza mshale kama mtu anayepanda ngazi gizani. Ikapita mistari mingine, hakuisoma. Mara:

*# nimenakili kivinjari kwa mkono, kimegoma. faili la sandboksi liwe la mkuu, ruhusa 4755. USIZIME ULINZI!!*

Juu ya mstari huo zilikaa amri mbili, kama alivyoziacha. Akarudisha ya kwanza, akabonyeza Enter: faili likarudi kwa mkuu. Akarudisha ya pili: ruhusa zikakaa sawa. Akatoka, akaingia kwenye akaunti yake, akabofya.

Kivinjari kilifunguka.

Saa nne kasoro dakika tano binti alikaa, akanyoosha kola. Mjane na shemeji yake walisimama nje ya mlango wa sebule. Walisikia sauti ya mwanamke ikitoka kwenye spika, ikisalimia, ikiuliza shule, ikiuliza alama. Kisha: "Kwa nini uuguzi?"

"Baba yangu alifariki ghafla," binti alijibu. Sauti ilikuwa imara. "Hakuwa anaumwa. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Nataka kuwa mtu anayejua mapema."

Mkato alikikunja mara nne kitambaa cha vyombo alichokiokota walipokuwa wakitoka.

Dakika ishirini baadaye binti alitoka akicheka na kulia kwa pamoja. "Wamesema majibu ni Jumatatu, lakini yule mama alitabasamu! Baba mdogo, umekifunguaje?"

"Si mimi," Mkato alisema, akatazama pembeni. Kisha akamnong'oneza mjane: "Mwache kwanza afurahi. Utamwambia siku nyingine."

Mjane alimtazama. Siku nyingine. Mpaka mtihani upite, mpaka majibu yatoke, mpaka chuo kiishe.

Aliingia sebuleni, akaifungua akaunti ya mumewe na lile dirisha jeusi, akavuta kiti cha pili.

"Daktari," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Ni baba yake tu aliyemwita jina hilo. Binti aliacha kucheka. "Njoo ukae hapa karibu yangu. Bonyeza mshale wa juu."