Mitungi Mbele ya Waifai

Mtihani ulipaswa kufika chuoni jioni ile, la sivyo nirudie mwaka mzima. Nilikuwa nimekwisha kurudia mara moja. Kwa umri wangu, na miguu hii inayovimba, sikuwa na mwaka mwingine wa kutoa.

Sisi akina mama wa darasa la jioni hapa kambini Kakuma tulisomea katika ukumbi wa kanisa. Mchana waifai ya ukumbi ilikwenda vizuri. Jioni tukiingia sisi, ilikufa. Mwalimu Lokol alileta antena kubwa kutoka mjini Lodwar. Akabadilisha nywila, akidhani majirani wanaiiba. Hakuna kilichobadilika. Mimi niliomba kila siku, "Bwana, fungua njia," kisha nikatazama kile kiduara kikizunguka kwenye kioo hadi macho yakauma.

Jioni hiyo mwalimu aliacha kompyuta, akazunguka ukumbini na simu mkononi, akiangalia mtandao unapopotelea. Akasimama penye mitungi yetu ya plastiki ya maji. Tulikuwa tunapitia bombani kabla ya darasa, na maji hayaachwi nje, kwa hiyo kila jioni tuliipanga pale pembeni, mmoja juu ya mwingine. Kisanduku cha waifai kilikuwa nyuma yake, karibu na sakafu.

"Mama Adau," akaniambia, "mawimbi hayapiti kwenye maji yote haya."

"Kumbe hata mtandao ukifika Turkana unashikwa na kiu," akasema Amuria.

"Si ukiinue hicho kisanduku, mwalimu?" nikauliza.

"Waya ni mfupi. Mitungi itoke."

Hakuna aliyeinuka. Nje kuna mbuzi, na kuna watu.

Amuria ni Mturkana, mwenyeji wa hapa. Wiki iliyopita nilimwambia mbele ya foleni nzima ya bomba kwamba ameruka zamu, naye akanijibu kwamba mimi ni mgeni. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Sasa alisimama, akachukua mitungi miwili.

"Nitaichunga. Tutapokezana. Mama Adau aanze, maana anaandika kama kuku anayedonoa."

"Na maji yangu?"

"Nitayanywa yote."

Nilimtazama. Watoto wangu walikuwa wakisubiri maji yale. Nikamfuata nje na mtungi wangu, nikauweka miguuni pake; wengine wakaleta yao, nami nikarudi ndani.

Nilidonoa. Nilipobonyeza kutuma, kiduara kilizunguka kidogo tu, kisha likaja neno: imepokelewa. Nililisoma tena. Nikampisha mwingine kiti.

Nje, Amuria alikuwa ameketi juu ya mtungi wangu.

"Umeukalia."

"Ili usikimbie. Imeenda?"

"Imeenda. Nenda na wewe."

Aliingia. Nikaketi juu ya mtungi wake, nikafumba macho nimshukuru Mungu, lakini uchovu ulikuwa umemaliza maneno yote. Lililobaki ni jina la Amuria. Nikaliomba hilohilo, tena na tena, mpaka alipotoka.