Herufi Zinazokimbia

Mstari wa mwisho wa ubao wa kupimia macho, wenye herufi ndogo kama mbegu za ufuta, binti aliusoma wote bila kukosea. Baba yake, mtengeneza miwani, akainama akajifanya anaandika.

"Niambie kweli, Baba. Macho yangu yameharibika? Nikigeuka ghafla kwenye mchezo wangu wa kompyuta, wapinzani wananivurugikia kama rangi mbichi iliyopitishwa kitambaa. Mashindano ni leo saa tisa, na wenzangu wanne wananitegemea. Kama ni macho, bora nijitoe mapema."

Neno moja lingetosha. Miaka miwili mzee alikuwa akiuombea mchezo ule ufe kifo cha kawaida, na sasa kisu alikuwa amekishika yeye. *Macho yamechoka, mwanangu, pumzika.* Lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini yeyote aliyeketi kwenye kiti kile cha kupimia, mzee hakuwahi kumdanganya, hata mara moja.

"Macho yako ni mazima," alisema, kama anayetema mwiba. "Twende nyumbani nikakione hicho kioo cha kompyuta yako."

Chumbani kwake, binti aliendesha maandishi ya majaribio kwenye kioo. Yakapita kwa kasi, yakiburuta mikia ya ukungu. Mzee akayafuata kwa macho, akakunja uso. Kisha akakazia jicho nukta moja, asiyafuate. Mikia ikatoweka, herufi zikawa zinaruka hatua kwa hatua. Moyo ukampiga paa!

"Kumbe! Kila picha inasimama ikisubiri mwenzake, lakini jicho halisubiri, liko safarini. Ukungu unatokea humu!" Akajigonga kando ya jicho. "Picha ionekane kitambo kidogo tu, kisha izimwe!"

Binti akaduwaa. "Iko kwenye mipangilio! Taa ya nyuma ya kioo inapepesa, inawaka na kuzimika kwa kila picha. Niliizima kwa sababu inapunguza mwanga."

"Iwashe! Mwanga niachie mimi." Akavuta mapazia yote. "Na hii sitini ni nini?" akauliza, akionyesha namba kwenye mipangilio.

"Picha kwa sekunde."

"Kioo kinaweza ngapi?"

"Mia mbili na arobaini," binti alijibu kwa sauti ndogo.

"Yaani umefuga farasi ukamtembeza kama kobe!"

Wakacheka mpaka binti akashindwa kushika kipanya. Alipomaliza kurekebisha, maandishi yakapita tena, yakiwa makali kama yaliyochongwa.

"Zinasomeka! Baba, zinasomeka zikikimbia!"

Wakazisoma pamoja kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza.

Saa tisa ilipogonga, mtengeneza miwani alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti cha bintiye. Dukani wateja walikuwa wakimngoja. Alijiambia ataondoka baada ya dakika moja. Binti akageuka ghafla ndani ya mchezo, kuta zikapita mbio, na pembeni mwa ukuta wa mwisho mzee akaona bega la mpinzani, bega kamili, halina ukungu.

"Kushoto! Kushoto, mama!"

Binti akafyatua risasi, mpinzani akaanguka. Kwenye spika, wenzake wakapiga yowe la furaha, kisha mmoja akauliza, "Nani huyo anayepiga kelele?"

"Baba yangu," alijibu bila kugeuka. "Mwacheni apige."